Unga wa protini: wa maziwa au wa nafaka?

Ukiingia katika duka kubwa la dawa siku hizi hukosi kuona mikebe mipana imepangwa rafuni, na ubavuni pana picha ya mwanamume aliyejaa misuli. Ndani mna unga wa protini. Huu umetokana na maziwa, ule na soya au njegere, na bei ya mkebe mmoja yaweza kulisha jamaa kwa siku kadhaa. Je, uchukue upi?

Kabla hujatoa pesa, twende Isiolo kwanza. Huko unga wa protini si jambo geni, ila haukuja kwa mikebe. Ulikuja kwa magunia, nyakati za ukame, nao ni ule unimix, yaani unga wa mahindi uliochanganywa na soya na kupikwa uji. Wengi waliolelewa kaskazini mwa Kenya wanaijua ladha yake. Mvua ilipokosa kunyesha misimu mitano mfululizo, kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, mifugo ilikufa, maziwa yakatoweka manyattani, na watoto wakawa wa kwanza kukonda.

Kwa nini mahindi na soya, wala si mahindi pekee? Protini hujengwa kwa asidi za amino, na tisa kati ya hizo mwili hauwezi kujitengenezea. Nyama, samaki, mayai na maziwa yana zote tisa kwa kiasi cha kutosha. Mahindi yana upungufu wa laisini na triptofani. Maharagwe yana laisini tele, lakini methionini ni kidogo. Ukiyapika pamoja, hili linajaza pengo la lile. Nyanya zetu wa Meru, majirani wa Isiolo, waliokuwa wakiinjika chungu cha githeri hawakuhitaji maabara kulijua hilo. Soya nayo ina zote tisa, na ubora wake unakaribia ule wa maziwa.

Hata hivyo mimea ina kasoro yake. Protini yake haisagiki tumboni kwa wepesi kama ya maziwa, na ili upate ya kutosha lazima ule chakula kingi. Mtu mzima ataweza, lakini tumbo la mtoto wa mwaka mmoja ni dogo. Ndiyo sababu uji mpya wa msaada kwa watoto wa umri huo ulitiwa maziwa ya unga. Hata ile pakiti ya gramu 92 anayopewa mtoto aliyedhoofika vibaya ina njugu karanga pamoja na maziwa ya unga, mafuta, sukari na vitamini. Wataalamu walipotaka kumwokoa mtoto hawakuchagua upande.

Sasa turudi kwako. Mtu mzima mwenye afya anahitaji takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzani wake. Ukiwa na kilo 60, ni kama gramu 48 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 hivi, gramu 100 za maharagwe yaliyoiva zina 8 au 9, na nyama isiyo na mafuta kiasi hicho hicho ina karibu 26. Nusu lita ya maziwa ya ngamia, ambayo akina mama wa Isiolo hupeleka Nairobi hadi Eastleigh, ina gramu 15 hivi. Kijiko kile cha ndani ya mkebe hukupa 20 hadi 25. Fanya hesabu mwenyewe. (Mama akiyauza maziwa yote na mtoto akabaki na chai ya strungi, hesabu hiyo inageuka kuwa chungu.)

Ukiwa mnyanyua vyuma, au mzee asiye na hamu ya chakula, huenda unga ukakufaa. Ule wa maziwa hufanya kazi haraka, lakini ukiwa wewe maziwa hukuvurugia tumbo, tafuta uliopunguzwa laktosi au uchukue wa soya. Usidanganywe na unga wa kolajeni kwa kuwa umetokana na mnyama: hauna triptofani kabisa. Ndugu Mwislamu pia aulize ni mnyama gani huyo. Mwaka 2025 jarida la Marekani, Consumer Reports, lilipima bidhaa 23 za protini, za unga na za kunywa, na kukuta madini ya risasi katika nyingi, zile za mimea zikizidi. Kwa hiyo tazama alama ya ubora ya KEBS, usome na kiasi cha sukari. Mwenye ugonjwa wa figo asiuguse kabla ya kumwona daktari.

Na ukiamua kuacha mkebe rafuni ununue maziwa ya ngamia, yachemshe. Wengi huyapenda mabichi, lakini yanaweza kuleta bruselosi, homa inayopanda na kushuka kwa majuma, ambayo mgonjwa huidhania malaria na kumeza dawa zisizomsaidia.