Usitie Dole Kwenye Karatasi Usiyosomewa



Habari hii naianza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja wa Kongo, mkaaji wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, alikuwa kibarua katika kiwanda kimoja upande wa Mbarara. Dizeli ya jenereta ikapotea stoo. Askari wa getini wakamshika yeye, kwa kuwa ndiye aliyeonekana mwisho karibu na mlango, wakampeleka polisi. Nilipofika kituoni jioni nilimkuta ameketi sakafuni bila viatu, na mezani kuna karatasi mbili zilizoandikwa Kiingereza. Akaniuliza, "Mzee, nitie sahihi? Wananiambia nikitia leo nalala nyumbani."

Mimi niliyeishia darasa la saba nikaitazama ile karatasi, nikaona jina lake, nikaona tarehe. Nikamwambia, "Tia, mwanangu, utoke. Mengine tutayazungumza na meneja."

Akatia. Hakulala nyumbani. Alikaa rumande miezi mitatu, maana karatasi ile ilisema kwamba yeye ameiba.

Tangu hapo nimewauliza mawakili na makarani wa korti kila nilipopata nafasi. Nitaeleza niliyojifunza, kwa sababu kila msimu wa chai na kila mwisho wa hesabu ya stoo kuna mwenzetu anayewekewa karatasi mbele yake.

Watu wengi hufikiri kwamba mtu akishakiri polisi, kesi imekwisha. Sivyo. Sheria ya Ushahidi ya Uganda, kifungu cha 23 kwa hesabu ya vitabu vya sheria vya mwaka 2000, yasema kwamba maneno ya kukiri kosa yaliyosemwa na mtu aliye mikononi mwa polisi hayawezi kutolewa dhidi yake kortini, ila kama aliyasema mbele ya hakimu, au mbele ya afisa wa polisi wa cheo cha Assistant Inspekta au zaidi. Konstebo hatoshi. Koplo hatoshi. Sajenti naye, hata akiwa na tumbo kubwa na sauti ya kutisha, hatoshi. Tena, kama ulikiri mbele ya afisa wa polisi na si mbele ya hakimu, huwezi kufungwa kwa maneno hayo peke yake. Lazima pawe na ushahidi mwingine, kutoka kwa mtu mwingine, wa kuyaunga mkono.

Jambo la pili ni jinsi maneno yalivyopatikana. Kifungu kinachofuata chakataa ungamo lililotokana na kipigo, nguvu, vitisho, ushawishi au ahadi, ikiwa korti itaona kwamba mambo hayo yangeweza kumfanya mtu aseme uwongo. Angalieni neno hili "ahadi". Wengi wetu twajua kwamba kumpiga mtu ni haramu, lakini hatujui kwamba kumwambia "tia sahihi ulale nyumbani" nako kwaweza kuiharibu karatasi. Kijana wetu hakupigwa hata kofi. Aliahidiwa kitanda chake. Kuhusu kipigo, Katiba ya mwaka 1995 inakataza mateso bila udhuru wowote, na sheria maalumu ya kuzuia mateso ya mwaka 2012 yasema ushahidi uliopatikana kwa mateso haupokewi, na mtesaji aweza kufungwa hata miaka 15. Aliyeumizwa amwonyeshe hakimu majeraha siku ya kwanza anapofikishwa, asingoje yapone.

Sasa kuhusu lugha, na hapa ndipo ndugu zetu wa Nakivale wanapoumia zaidi. Makazi yale yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950, walipoingia wakimbizi wa Rwanda. Leo mle mna Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengine. Ukipita Base Camp, Juru au Rubondo utasikia Kiswahili, Kinyarwanda, Kirundi na Kisomali katika foleni moja ya maji. Askari huzungumza nao Kiswahili au Kinyankole, kisha huandika Kiingereza, lugha ya korti. Kweli, Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini karatasi za polisi hazijasikia habari hiyo.

Utaratibu ambao mahakama zetu kuu zimeusisitiza ni kwamba maneno ya mtuhumiwa yaandikwe kwa lugha aliyosema mwenyewe, asomewe kwa lugha hiyo, atie sahihi au dole, ndipo itengenezwe tafsiri ya Kiingereza. Kwa mahakimu uko waraka wa Jaji Mkuu wa Machi 1973, nao Mahakama ya Juu imewakumbusha kuufuata. Hakimu awatoe nje askari waliomleta mtu. Amtumie karani wa korti awe mkalimani. Amweleze mtu huyo kosa analotuhumiwa, amwonye kwamba halazimiki kusema neno, na amhakikishie kwamba hana la kuogopa. Kisha karatasi zote mbili, ya lugha yake na ya Kiingereza, zitiwe sahihi na yeye, karani na hakimu.

Je, mtu akifika kortini akisema, "Hayo si maneno yangu," au, "Niliyasema kwa kuogopa"? Hapo hakimu au jaji husimamisha kesi kubwa kwanza na kusikiliza kesi ndogo ndani yake, ya kuamua kama karatasi ipokewe au itupwe. Afisa aliyeandika aitwe, mkalimani aitwe, na mshtakiwa naye aseme lililompata. Mzigo si wake. Ni juu ya serikali kuthibitisha kwamba alisema kwa hiari. Na hata karatasi ikipokewa, ipo kesi ya Tuwamoi ya mwaka 1967, iliyotoka Uganda hadi Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Majaji walisema kwamba ungamo ambalo mwenyewe amelikana lipokewe kwa hadhari, na kwa kawaida litafutiwe ushahidi wa kuliunga mkono.

Msidhani, hata hivyo, kwamba sheria hii ni ngao ya kila kitu. Ukiwaambia polisi, "Nimeficha madumu nyuma ya banda," wakaenda wakayakuta, sehemu ile ya maneno yako iliyowafikisha pale yaweza kutolewa kortini, hata kama mengine yametupwa. Pia, karatasi unayoandika mbele ya askari wa kampuni au meneja haihesabiwi sawa na ya polisi. Ile kanuni ya cheo haiihusu, ingawa ile ya vitisho na ahadi inaihusu. Kwa hiyo ofisi ya meneja yaweza kuwa mahali pa hatari kuliko kituo. Kumbukeni Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 yampa mfanyakazi haki ya kuja na mtu anayemchagua pale anapotakiwa kujieleza kabla ya kufukuzwa. Itumieni.

Wenzetu wa Kenya wamekaza zaidi. Kwao polisi anayepokea ungamo lazima awe Inspekta au zaidi, asiwe yule anayepeleleza kesi hiyo, na mtuhumiwa awe na mtu wa tatu aliyemchagua mwenyewe. Natamani na sisi tungekuwa na huyo mtu wa tatu, mradi asiwe mjinga kama nilivyokuwa mimi jioni ile.

Kijana wetu kesi yake iliposikilizwa Mbarara, hakimu alimwuliza askari mambo mawili tu. Cheo chako nini? Konstebo. Mkalimani alikuwa nani? Hakuwako. Karatasi ikatupwa. Hapakuwa na ushahidi mwingine, kwani hata kitabu cha stoo hakikuonyesha dizeli ilipotea siku gani, akaachiwa. Lakini kazi ilikuwa imekwisha kupewa mwingine, na kiwanda kiliitumia karatasi ile ile kusema kwamba alikiri. Tuligombana nao juu ya mishahara yake, tukapata sehemu. Yeye alirudi Nakivale kulima mahindi na maharage. Tukikutana hunisalimu vizuri, "Shikamoo mzee," wala hajawahi kulitaja jambo lile. Mimi ndiye ninayelikumbuka.

Akishikwa mwenzenu, mpelekeeni katibu wa tawi habari siku hiyo hiyo. Katiba yasema afikishwe kortini kabla ya saa 48 kupita tangu kukamatwa, na Jumamosi na Jumapili zinahesabiwa. Bondi ya polisi ni bure, msimpe mtu pesa. Mwambieni aeleze jina lake na anakokaa, na maneno mengine ayangoje mpaka apate wakili au mtu anayejua kusoma lugha ya karatasi. Akipigwa, Tume ya Haki za Binadamu ina ofisi Mbarara. Katibu asiyejua njia ya kufika huko aniulize, nitampeleka mwenyewe.