Tuzilinde Seli Zetu Tangu Jikoni



Parachichi likikatwa na kuachwa sahanini, hubadilika rangi kwa kuguswa na oksijeni ya hewa. Likipakwa maji ya ndimu, huchelewa kubadilika. Jambo lililo mfano wa hilo hutokea ndani ya miili yetu. Seli hutumia oksijeni kuunguza chakula ili zipate nguvu, na katika kazi hiyo huzaliwa molekuli zisizotulia ziitwazo radikali huru. Kwa kuwa zimepungukiwa na elektroni, hunyang'anya za jirani: mafuta ya ngozi ya seli, protini, hata DNA.

Mwili hujikinga kwa vimeng'enya vyake, na kwa vitamini C na E zitokazo katika chakula. Walinzi hawa huitwa antioksidanti. Radikali zikiwazidi nguvu, seli hudhurika, na madhara hayo yanahusishwa na maradhi ya moyo, kisukari na saratani.

Sisi tuishio Eastleigh tuna sababu ya kulizingatia. Moshi wa magari ya First Avenue hatuwezi kuuzima. Ulio majumbani mwetu twauweza. Makaa, sigara, shisha na udi ufukizwao katika fleti iliyofungwa, vyote huongeza mzigo wa seli. Hatusemi udi uachwe, kwani ni pambo la nyumba zetu. Dirisha na lifunguliwe, na chetezo kisiwekwe chumbani walalamo watoto au mwenye pumu. Mafuta ya sambusa nayo yasirudiwe kukaangiwa hadi yakawa meusi.

Madukani twauziwa vidonge vya antioksidanti kwa bei kubwa. Mwaka 1994, watafiti wa Finland walitangaza matokeo ya uchunguzi wa wanaume wavutao sigara zaidi ya 29,000. Waliopewa vidonge vya beta-karotini, kiini kilekile kilichomo katika karoti, waliugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wasiopewa. Karoti yenyewe haina lawama. Lakini kidonge chenye kipimo kikubwa si chakula.

Basi fedha ya chupa hiyo na inunue mchicha, sukuma wiki, karoti, nyanya, papai na machungwa. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale walau gramu 400 za mboga na matunda kila siku, na afanye mazoezi ya wastani walau dakika 150 kwa wiki. Kwenda sokoni kwa miguu kwa mwendo wa haraka ni katika hayo. Usingizi wa kutosha nao una fungu lake.

Mwenye kisukari, mjamzito, au anayetumia dawa za hospitali amuulize daktari kabla ya kumeza kidonge chochote cha dukani. Afya ni amana; Mwenyezi Mungu atuwezeshe kuitunza.