Mwanafunzi wa Kongo na nyaya zinazopita juu ya kijiji

Na mwandishi wetu, Johannesburg

Ukipita karibu na Joubert Park jioni, katikati ya jiji la Johannesburg, si ajabu kusikia Kiswahili cha Lubumbashi, cha Bukavu au cha Dar es Salaam. Katika ghorofa moja ya hapo anaishi kijana wa Kikongo aliye mwaka wa nne, yaani wa mwisho, wa shahada ya uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Chuo chenyewe kiko Braamfontein, na yeye huenda kwa miguu ili kuokoa nauli. Ameomba jina lake lisitajwe kwa sababu ya mambo ya karatasi, ambayo tutayafikia.

Anasema mwaka wa tatu ndio uliowachuja. Mashine za umeme, sumaku-umeme na hesabu za udhibiti wa mitambo ziliwarudisha nyuma wenzake kadhaa, na yeye mwenyewe alirudia somo moja. Mwaka wa nne ni tofauti kidogo: masomo yanahusu mifumo mizima ya umeme, na kila mwanafunzi hutakiwa kuonyesha kwamba anaweza kubuni kitu na kukitetea mbele ya wahandisi.

Somo lililomkamata ni la usafirishaji wa umeme kwa mkondo mnyoofu. Mama yake ni mtu wa Kasai, na nyanya yake aliishi kijijini ambako nguzo kubwa za chuma zinapita. Utotoni, walipokwenda likizo, walilala na kibatari chini ya nyaya hizo. Aliamini kwamba serikali imewanyima umeme kwa makusudi.

Nyaya hizo ni za njia ya Inga-Kolwezi, iliyoanza kazi mwaka 1982. Zinabeba umeme kutoka maporomoko ya mto Kongo hadi migodi ya Katanga, umbali wa kilomita 1,700 hivi, kwa kilovolti 500. Sasa darasani amejifunza kwa nini kijiji hakikupata kitu.

Umeme wa majumbani ni mkondo geu. Huku Afrika Kusini, kama kwetu, mkondo huo huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kwa sababu unageuka hivyo, transfoma ya kawaida inaweza kuushusha mpaka ukafaa kwa taa na redio. Mkondo mnyoofu haugeuki, na transfoma haina la kufanya nao. Sifa yake ni masafa marefu: unahitaji nyaya chache zaidi, na umeme mwingi zaidi unafika salama. Lakini kila mahali unapotaka kuuchota, lazima ujenge kituo cha kuugeuza, na kituo hicho ni ghali mno. Ndiyo maana njia ya Inga iliruka nchi nzima kutoka bwawani hadi mgodini.

Nilimwuliza kama basi serikali haina lawama. Alicheka. Uhandisi unaeleza kwa nini huwezi kufunga transfoma chini ya waya ule, alisema, lakini aliyeamua kwamba waya uende mgodini tu hakuwa mhandisi.

Jiji analosomea nalo linaitegemea teknolojia hiyohiyo. Tangu miaka ya 1970 kuna njia ya mkondo mnyoofu kutoka bwawa la Cahora Bassa, Msumbiji, hadi kituo cha Apollo, kati ya Johannesburg na Pretoria, kilomita zipatazo 1,400. Vita vya Msumbiji viliangusha nguzo nyingi sana, na njia ikakaa bila kazi kwa miaka mingi hadi ilipofufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 2013 Afrika Kusini ilitia saini mkataba na Kongo ili inunue megawati 2,500 za Inga 3. Bwawa hilo halikujengwa, na mwaka 2023 Johannesburg ilipitia mgao wa umeme mbaya kuliko yote.

Kinachomzuia sasa si hesabu. Wanafunzi wa uhandisi hutakiwa kufanya kazi ya vitendo kwenye kampuni wakati wa likizo, na yeye bado hajapata pa kuifanyia. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 1998 inampa mkimbizi haki ya kutafuta kazi, na mwaka 2003 Mahakama Kuu ya Rufaa ilikataa marufuku ya jumla ya kusoma na kufanya kazi hata kwa wale ambao maombi yao hayajaamuliwa. Lakini kibali kina tarehe ya kuisha. Kampuni mbili zilimpokea vizuri kwenye usaili, kisha zikaona imebaki miezi mitatu, zikanyamaza. Mimi pia nimebeba karatasi ya namna hiyo. Naujua uso wa mtu wa kaunta anapoigeuza kutafuta upande ulio na jibu.

Kampuni ya tatu imemwambia arudi akiwa na kibali kipya. Jumatatu atakwenda kupanga foleni saa kumi alfajiri, na daftari la mradi wake atakwenda nalo, kwa kuwa foleni ni ndefu na tarehe ya kuwasilisha iko karibu.