"MENO YA PLASTIKI": MTOTO ANAHITAJI MAJI, SI SPOKU

Hivi karibuni tulikaa na wanakisomo wa kijiji kimoja. Mama mmoja alikuwa amempakata mtoto wa miezi saba. Mtoto anaharisha na ana homa. Mara majirani wakaanza: "Mfunue kinywa. Hayo ni meno ya plastiki. Yasipong'olewa mtoto atakufa." Bibi mmoja akaongeza: "Mjukuu wangu aling'olewa, siku ya tatu akapona. Lisemwalo lipo."

Maneno haya tumeyasikia katika vijiji vingi. Basi leo tuyachambue polepole, maana yanahusu uhai wa mtoto.

Kinachoonekana kwenye ufizi ni nini?

Mtoto huzaliwa na mbegu za meno yake 20 ya utoto, ila zimefichwa ndani ya ufizi. Meno hayo huanza kufanyika mtoto angali tumboni mwa mama. Ya mbele hutokeza kwanza, mara nyingi kwenye miezi 6 hivi. Chonge huchelewa. Hutokeza mtoto akiwa na miezi 16 hadi 23. Kabla ya kutokeza, chonge huinua ufizi kidogo, na mahali pale huonekana peupe. Huo si ugonjwa. Ni jino linalokua.

Mtu akilichokoa, hutoa kitu cheupe na laini. Husema, "Mnaona? Plastiki hiyo!" La hasha. Ni jino lisilokomaa. Ukimenya hindi changa utakuta punje laini zenye maziwa. Je, utasema hayo si mahindi?

Kwa nini kuharisha huja wakati huo huo?

Kwenye miezi 6 mtoto huanza kula uji. Huanza kutambaa. Kila anachookota hukitia kinywani. Maji machafu, chombo kisichooshwa vizuri na mikono yenye uchafu humletea vijidudu tumboni. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyomharisha, si jino.

Mbona aliyeng'olewa alipona?

Jogoo huwika, kisha jua huchomoza. Je, jogoo ndiye aliyeleta jua? Kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache. Mtoto yule angepona hata bila kung'olewa. Na wale waliokufa baada ya kung'olewa, watu husema nini? Husema, "Walichelewa kumng'oa." Kwa hesabu ya namna hiyo, mng'oaji hakosei kamwe!

Hasara zake

Spoku ya baiskeli, kisu au kucha huumiza ufizi. Mtoto hutoka damu nyingi. Anaweza kupata pepopunda, na chombo kilichotumika kwa wengine kinaweza kuleta virusi vya UKIMWI. Akiwa na kidonda kinywani hanyonyi vizuri, wakati ndipo anapohitaji sana kunyonya. Tena, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania Bara inakataza mila inayodhuru mwili au akili ya mtoto. Kusema "ni desturi yetu" si kinga.

Tufanye nini?

Mtoto anayeharisha huuawa hasa na kupungukiwa maji. Wapo wanaosema asipewe maji ili tumbo likauke. Hilo nalo ni kosa. Mtungi unaovuja hujazwa, hauachwi ukauke.

1. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Kama ameanza kula, usimnyime chakula.

2. Mpe dawa ya chumvi chumvi ya pakiti, yaani ORS. Ichanganye na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiikosa, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vya chai 6 bapa vya sukari na nusu kijiko cha chai bapa cha chumvi. Usizidishe chumvi. Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 mpe robo hadi nusu kikombe, kidogo kidogo. Yakipita masaa 24, mwaga yaliyobaki, utengeneze mengine.

3. Mpeleke zahanati. Atapewa vidonge vya zinki vya kutumia siku 10 hadi 14. Homa nayo ipimwe, huenda ni malaria.

4. Usingoje hata kidogo ukiona macho yamedidimia, mtoto amelegea, hawezi kunyonya, anatapika kila kitu, ana degedege, au kinyesi kina damu.

Turudi kwa yule bibi. Alinyamaza kitambo, kisha akauliza: "Basi mjukuu wangu hataota jino pale?" Tulimjibu kweli. Jino la utoto halitaota tena, na la ukubwa lililo chini yake linaweza kuwa limeharibika. Bibi hakusema neno. Akainuka, akamwambia yule mama: "Mwanangu, mfunge mtoto mgongoni. Nakusindikiza zahanati."

Ndugu wasomaji, kukosea si aibu. Aibu ni kujua, kisha tukanyamaza mtoto wa jirani akipelekwa kung'olewa.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini kitu kinachotolewa kwenye ufizi ni laini?
2. Ni mambo gani mengine ya kijijini tunayoyaamini kwa hesabu ya jogoo na jua?
3. Toka nyumbani kwako hadi zahanati ni mwendo gani? Usiku nani atakusindikiza?