Aliyepona Ebola na Harufu ya Klorini

Mlipuko wa Ebola uliotangazwa Kivu Kaskazini, mashariki ya Kongo, tarehe 1 Agosti 2018 ulidumu karibu miaka miwili na kuua watu 2,287, wengi wao katika maeneo ya Beni, Butembo, Katwa na Mangina. Watu zaidi ya elfu moja walipona, wakarudi nyumbani na cheti mkononi. Huko huitwa washindi. Ni jina la heshima na wanalistahili, ila lina uzito wake, maana mshindi hatarajiwi kutetemeka. Na ya kumtetemesha yalikuwa kila mahali: ndoo ya maji ya klorini mlangoni mwa kanisa na shule, kipimajoto kilichoelekezwa kwenye paji la uso katika kila kizuizi cha barabarani. Kilichowatuliza majirani kiliweza kumrudisha aliyepona kwenye kitanda alichohudumiwa na watu asioziona nyuso zao, moyo ukamwenda mbio na pumzi zikamkatika. Naamini hofu hiyo haitokani na uhaba wa imani wala wa shukrani. Mwili umejifunza kuogopa, na uliojifunza kuogopa unaweza kufundishwa kutulia, mradi mgonjwa asiachwe aendelee kukimbia peke yake.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Methali hiyo hutumiwa mara nyingi kumcheka mwoga, lakini inaeleza vizuri kinachotendeka katika amigdala, sehemu ndogo ya ubongo inayosaidia kuhifadhi ishara zilizokuwepo wakati wa hatari: harufu, mlio, rangi ya mavazi. Ishara moja ikirudi, mwili hujihami kabla akili haijapata nafasi ya kuuliza. Ebola si ugonjwa pekee unaoacha alama hiyo. Kati ya walionusurika mshtuko wa moyo, takriban 1 kwa kila 8 hupata dalili za kiwewe. Kwa waliolazwa vyumba vya wagonjwa mahututi ni karibu 1 kwa kila 5, baadhi yao wakiandamwa na kumbukumbu za mambo ambayo hayakutokea, yaliyozaliwa na homa kali na dawa za usingizi. Tena kiwewe cha ugonjwa kina ukatili wake. Aliyeshambuliwa njiani anaweza kuhama njia. Aliyeugua anaishi ndani ya mahali alipodhurika. Kichwa kikimuuma, kiungo kikimkaza, usiku wake umekwisha.

Ndiyo maana kukwepa huonekana busara. Anayeikwepa zahanati anapata nafuu palepale, na nafuu hiyo inamfundisha kwamba ni kukwepa kulikomwokoa, kwa hiyo kesho hofu inapanuka. Kwa waliopona Ebola gharama yake inaonekana machoni kabisa: baadhi yao hupata uvimbe wa ndani ya jicho ambao usipotibiwa mapema huweza kupofusha, na dawa iko kwenye kituo kilekile kinachonuka klorini. Tiba iliyothibitika huenda kinyume chake. Mgonjwa hukaribia anachokiogopa hatua kwa hatua, akiwa na mtu aliyefunzwa, hukaa nacho mpaka mwili uone kwamba hatari haikuja, kisha husogea tena.

Wapo watakaosema kumkumbusha mtu machungu ni kutonesha kidonda. Wana hoja. Kumkalisha mtu mara moja tu, siku chache baada ya tukio, na kumshurutisha asimulie yote hakumsaidii, na Shirika la Afya Duniani halikupendekezi. Lakini kulazimishwa kusimulia ni jambo tofauti na kusindikizwa kwa hiari. Pingamizi zito zaidi ni kwamba hofu hii ina msingi: virusi vinaweza kujificha mwilini, na mlipuko wa Butembo wa Februari 2021 ulihusishwa na maambukizi yaliyobaki kwa mtu aliyekwisha kupona. Kweli. Kwa hiyo mshauri asimwambie mtu kwamba hakuna cha kuogopa. Huo ni uongo, na mgonjwa ataujua. Amwambie dalili zipi zinadai kipimo, aende wapi, lini. Katika nchi ya malaria, homa bila maelekezo ni usiku mzima wa kujihesabu maiti.

Na wataalamu watatoka wapi? Jibu moja limetoka mashariki ya Kongo kwenyewe. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulifanyika miongoni mwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Wasaidizi wa huko, ambao si madaktari, walifunzwa kuendesha tiba ya kikundi. Miezi 6 baada ya tiba, 9% tu ya wanawake wa vikundi walikuwa na dalili za sonona au wasiwasi mkubwa, dhidi ya 42% ya waliopewa msaada wa kawaida wa mtu mmojammoja. Kwa kiwewe matokeo yalifanana. Majeraha yao ni mengine, lakini kizuizi tunachodai hakivukiki, yaani uhaba wa wataalamu, wasaidizi hao walikivuka. Huduma kama hiyo ingefaa kuwekwa siku ileile ya kupimwa macho, ili mtu asilazimike kujitangaza kuwa ana wasiwasi. Na kazi ianze mapema zaidi, mgonjwa akiwa bado kitandani. Kituo cha Beni kilitumia vyumba vya kuta angavu, vilivyomwezesha mgonjwa kuwaona ndugu zake na wao kumwona. Kila mlipuko ujao uanze na vyumba hivyo, na kila mhudumu abandike picha ya uso wake kifuani, juu ya suti ya kinga.