Homoni, Chanjo na Neno "Kinga": Kueleza Uzuiaji wa Saratani ya Mlango wa Kizazi Bweyeye

Mwaka 2011 Rwanda ilianza kuwachanja wasichana wa shule za msingi dhidi ya virusi vya papiloma, na zaidi ya asilimia 90 ya waliolengwa walipata dozi zote tatu. Ujumbe ulikuwa mwepesi kusemeka: virusi huleta saratani, chanjo huzuia virusi. Uzuiaji unaotegemea homoni hauna wepesi huo. Katika mahali kama Bweyeye, sekta ya Wilaya ya Rusizi iliyo kati ya msitu wa Nyungwe na mpaka wa Burundi, ugumu huanza na maneno yenyewe.

Kinyarwanda huziita homoni imisemburo. Umoja wake, umusemburo, ni chachu, ile inayofanya pombe ichachuke. Istilahi hii inalishinda neno la mkopo "homoni", ambalo halimpi msikilizaji wa Kiswahili picha yoyote, tena inaafikiana na sayansi ya ugonjwa huu kwa namna ya kushangaza. Virusi aina ya 16 hutengeneza protini E6 na E7, zinazolemaza vizuizi vya ukuaji wa seli. Estrojeni huchachua kile ambacho virusi vimekwisha kukianzisha. Panya waliotiwa jeni za virusi hivyo walipata saratani ya mlango wa kizazi walipopewa estrojeni kwa muda mrefu. Mwaka 2009 Chung na Lambert, wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, walionyesha kwamba fulvestrant na raloxifene, dawa zinazozuia kipokezi cha estrojeni, ziliondoa saratani kwa wengi wa panya hao. Panya, si wanawake: mshauri wa sera asiruke hatua hiyo.

Tatizo ni kwamba "dawa za homoni", kwa Kiswahili cha zahanati, ni sindano, vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Hapo ushahidi unaelekea upande mwingine. Uchambuzi wa pamoja wa tafiti 24, uliochapishwa katika Lancet mwaka 2007, ulikuta kwamba wanaotumia vidonge kwa miaka mitano au zaidi wana hatari inayokaribia maradufu ya wasiowahi kuvitumia. Wakiacha, hatari hushuka, na baada ya miaka kumi huwa sawa na ya wenzao. Neno moja, basi, linabeba kinachoongeza hatari na kinachotarajiwa kuipunguza.

"Kinga" nayo ina mzigo wake, kwani hutajwa kwa chanjo, kwa kondomu na kwa kuzuia mimba. Zaidi ya hayo, "kizazi" ni mji wa mimba na pia ni uzao. "Chanjo ya mlango wa kizazi" ikikatwa kuwa "chanjo ya kizazi", mama ana haki ya kuuliza inazuia nini. Hofu hiyo si ya kubuni. Nchini Kenya, mwaka 2014, maaskofu Wakatoliki walidai kwamba chanjo ya pepopunda ilitiwa homoni ya ujauzito. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha, lakini mjadala ulikwisha kuenea.

Tangu 2017 Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda, hivyo matini za afya zitazidi kuandikwa kwacho. Yafaa "chanjo" iitwe chanjo tu, dawa za aina ya fulvestrant ziitwe "vizuia estrojeni", na imisemburo itumike kando ya "homoni" popote msomaji ni Mnyarwanda. Kwa sasa kipeperushi cha Bweyeye kinahitaji chanjo na uchunguzi wa virusi. Vizuia estrojeni vikitajwa, viwekwe mbali na ukurasa wa chanjo.