MAJANI YANAYOJENGA MWILI
(Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima)

Mwalimu wa darasa na aandike ubaoni maneno matatu: UTOMWILI, UNYAFUZI, LUSINI. Yasomeni kwa pamoja. Vema.

Utomwili ndio protini. Ni sehemu ya chakula inayojenga mwili. Mtoto akiukosa hakui. Miguu na uso huvimba, nywele hupauka na kunyonyoka, naye hanuni tu bali hata kucheza hataki. Huo ndio unyafuzi. Huwashika zaidi watoto walioachishwa ziwa. Ukiona uvimbe, usidhani mtoto amenenepa. Mpeleke hospitali upesi.

Karagwe ni nchi ya ndizi. Ndizi hushibisha na kutia nguvu, lakini utomwili wake ni haba. Gramu 100 za ndizi za kupika zina kama gramu 1 tu. Gramu 100 za maharage makavu zina kama 20. Basi mtoto aliyeshiba ndizi tupu ameshiba tumbo, mwili wake bado una njaa.

Jirani zetu wa Uganda nao hula ndizi. Mwaka 1965, katika hospitali ya Mulago, Kampala, kilianzishwa kituo cha Mwanamugimu. Akina mama hufundishwa hapo kupika kitobero, yaani mchanganyiko wa ndizi, maharage au karanga au dagaa, na mboga za majani.

Sasa tazameni neno la tatu. Lusini ni jani la jamii moja na maharage na kunde. Wafugaji hulilisha ng'ombe. Lina utomwili mwingi, lakini pia lina nyuzi nyingi, na tumbo la mtu si kama la ng'ombe. Mtaalamu mmoja wa Uingereza, N. W. Pirie wa Rothamsted, alitafuta njia ya kuutoa utomwili katika majani. Alianza wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Njia yenyewe ni hii. Majani mabichi huoshwa, hupondwa na kukamuliwa. Maji yake ya kijani hupashwa moto upesi mpaka karibu ya kuchemka. Utomwili huganda na kuelea juu, kama maziwa yanapokatika. Huchujwa kwa kitambaa, hukamuliwa tena, hukaushwa na kusagwa. Unga huo, karibu nusu yake ni utomwili. Mwaka 2009 Umoja wa Ulaya uliruhusu watu kuutumia kama nyongeza ya chakula, gramu 10 kwa siku.

Je, tuuhangaikie? Tufanye hesabu. Gramu 10 za unga wa lusini hutoa kama gramu 5 za utomwili. Gramu 25 za maharage makavu, ukufi mdogo tu, hutoa kiasi hicho hicho. Maharage tunayo. Kwa hiyo somo la lusini kwetu ni hili: jani si chakula cha kudharau, lakini ni nyongeza. Halishiki mahali pa maharage, maziwa, mayai au dagaa.

Fanyeni hivi nyumbani:

1. Pika ndizi pamoja na maharage. Mpondee mtoto mpaka zilainike.
2. Ongeza majani machanga ya kunde, maboga au mchicha. Yaoshe kabla ya kuyakata, yapike kwa maji machache, wala usimwage maji yake.
3. Tia mafuta kidogo au karanga zilizosagwa.
4. Kisamvu kitwange na kukichemsha sana. Kikiwa kibichi kina sumu.
5. Mtoto ana tumbo dogo. Mlishe mara nyingi kwa siku.

Maswali ya darasani:

1. Kwa nini ndizi tupu hazimtoshi mtoto?
2. Taja dalili mbili za unyafuzi.
3. Ni majani gani ya kuliwa yanayoota karibu na nyumba yako?

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwaherini, mpaka somo lijalo.